Easofti Uingereza: miwani kwanza, bunduki baadaye

Mtu aliyekulia Tanga au Kisumu akahamia Uingereza, siku wenzake wa kazini wakimwalika kucheza easofti Jumapili, jambo la kwanza analofanya ni kushika simu na kuangalia bei za bunduki. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Katika nchi hii bunduki ndiyo kitu cha mwisho kununua, na hata utaratibu wa maduka umekaa hivyo: utacheza kwa bunduki ya kukodi angalau mara tatu kabla duka halijakuuzia ya kwako inayofanana na ya kweli. Wapo wanaoona huo ni usumbufu wa wazungu na makaratasi yao. Lakini siku hizo tatu ndizo zitakazokufundisha unahitaji nini, na mara nyingi si kile ulichokuwa unakitamani kwenye picha.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: ni vita vya kuigiza, timu mbili, bunduki za kurusha gololi za plastiki zenye upana wa karibu milimita 6. Ulianzia Japani katika miaka ya 1970, ukapanuka sana baada ya kampuni ya Tokyo Marui kutoa bunduki ya umeme yenye umbo la FA-MAS, bunduki ya jeshi la Ufaransa, mwaka 1991. Tofauti na peintboli, gololi haiachi rangi. Ikikupata hakuna doa wala ushahidi, ni wewe tu unayejua. Aliyecheza kombolela utotoni anamjua yule mtoto anayegoma kila akitajwa jina, “si mimi, umeona shati la mwingine.” Kwenye easofti mtu wa aina hiyo huchokwa mapema, na kiwanja kina haki ya kumrudisha nyumbani bila kumrudishia pesa.

Sheria, maana hapa hakuna utani

Hakuna leseni ya easofti Uingereza. Mtu akikwambia anaweza kukuuzia leseni, mpite. Kilichopo ni Sheria ya Kupunguza Uhalifu wa Kikatili ya mwaka 2006, ambayo wachezaji huiita VCRA. Inakataza kutengeneza, kuuza na kuingiza nchini bunduki bandia inayofanana na ya kweli, yaani RIF kwa lugha ya wachezaji. Inakataza pia kuigeuza bunduki bandia ya rangirangi ikawa RIF. Kanuni za mwaka 2007 zikaacha mlango kwa ajili ya easofti: RIF inaweza kuuzwa kwa mtu anayecheza michezo iliyoandaliwa kwenye kiwanja chenye bima ya madhara kwa watu wengine. Angalia mzigo umewekwa kwa nani. Kosa ni la anayeuza, anayeagiza au anayegeuza, ndiyo maana anayekuhoji ni mwenye duka na si polisi.

Mwenye duka atajuaje kwamba wewe ni mchezaji? Anaangalia daftari la UKARA, linaloendeshwa na wauzaji wenyewe. Kuingia humo unatakiwa uwe na miaka 18, ucheze mara tatu au zaidi kwenye kiwanja kilichosajiliwa, na muda wa michezo hiyo usipungue siku 56. Kwa hiyo huwezi kucheza Jumamosi tatu mfululizo ukadai namba yako. Siku ya kwanza kabisa omba kiwanja kiandike ziara yako, maana wapo waliocheza mara tano bila kuandikwa na ikabidi waanze upya. Baada ya mchezo wa tatu unajaza fomu, unaonyesha kitambulisho na uthibitisho wa anwani, kiwanja kinapeleka taarifa, unapata namba. Inahuishwa kila mwaka.

Hapa kuna tatizo linalotupata zaidi sisi wa majina matatu. Pasipoti inasema Salum Hamisi Ally, kadi ya benki inasema S. H. Ally, bili ya umeme imeandikwa Hamisi Salum kwa sababu aliyeipokea simu aligeuza. Duka linalinganisha jina na anwani ya oda yako na kilichomo kwenye daftari. Visipofanana, mzigo hautoki. Chagua mpangilio mmoja, ule wa pasipoti, uutumie kuanzia kwenye fomu ya kwanza ya kiwanja. Ukihama chumba, na mgeni huhama sana miaka ya mwanzo, peleka anwani mpya kabla ya kuagiza chochote.

Asiyetaka kungoja anaweza kununua bunduki ya rangi mbili. Hii imepakwa rangi ya kung’aa, nyekundu, chungwa, njano, kijani, waridi, zambarau au buluu, na wauzaji huhakikisha rangi hiyo inafunika zaidi ya nusu. Haihitaji UKARA, inahitaji miaka 18 tu. Inapiga sawasawa na nyeusi. Tatizo ni watu kuichoka, wakanunua kopo la rangi nyeusi la pauni sita na kuipulizia nyuma ya nyumba. Kitendo hicho ndicho kile cha kuigeuza bunduki kuwa RIF, na asiyekuwa na sababu inayotambuliwa amekwishavunja sheria kabla rangi haijakauka.

Nguvu nayo ina mpaka. Sheria ya mwaka 2017 imeweka jouli 1.3 kwa bunduki inayoweza kumimina gololi mfululizo, na jouli 2.5 kwa inayopiga moja moja tu. Ikivuka hapo si easofti tena, ni silaha, na ile ya kumimina huangukia kwenye kundi lililopigwa marufuku. Ireland ya Kaskazini ina sheria yake ya silaha, huko mpaka ni jouli 1, kwa hiyo bunduki iliyo halali Leeds inaweza kuwa tatizo Belfast.

Una easofti uliyonunua ukiwa Dubai au Marekani? Iache hukohuko, au iuze kabla ya kuhama. Kuingiza RIF bila sababu inayotambuliwa ni kosa, na ofisa wa mpakani hatasikiliza hadithi ya mkusanyo wako. Na kinyume chake pia: usiifungashe kwenye begi la likizo kwenda Nairobi au Dar es Salaam kwa kudhani ni toi. Hata koti la mabakamabaka ulilonunua hapa kihalali kwenye duka la mitumba ya jeshi liache Uingereza. Huku raia kuvaa mabaka si kosa. Kwetu, Tanzania, Kenya na Uganda, raia aliyevaa mabaka ya jeshi anatafuta balaa.

Barabarani, kuwa na bunduki bandia hadharani bila sababu ya msingi ni kosa chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1968. Kwenda kiwanjani ni sababu, lakini isafirishe inavyotakiwa: betri imechomolewa, magazini (kasha la gololi) imetolewa, bunduki ndani ya begi lililofungwa, begi ndani ya buti la gari. Ukipanda treni tumia begi la kawaida la michezo, usivae mabaka wala fulana ya magazini njiani. Usifungue buti kituo cha mafuta kumwonyesha rafiki. Usiijaribu bustanini kwa jirani mwenye dirisha. Polisi wengi wa Uingereza hawabebi bunduki, ila simu ya 999 ikisema “kuna mtu ana bunduki”, wanaokuja ni wale wanaobeba. Na tuseme wazi, mtu mweusi mwenye kitu cheusi chenye mtutu hapewi muda mrefu wa kujieleza. Wakifika, usiiguse, usiioneshe kwamba ni ya plastiki, mikono iwe mitupu na ionekane, fanya neno kwa neno wanachosema. Mwenye viza akumbuke pia kwamba maombi ya ukaazi na uraia huuliza rekodi ya jinai.

Pesa ya kwanza iende machoni

Kiwanja kitakukodisha barakoa. Itakuwa imevaliwa na watu mia, kioo kimekwaruzwa, na itaingia ukungu dakika ya kumi. Kwa hiyo hata unayekodi bunduki, nunua kinga yako ya macho.

Usinunue kwa sura. Tafuta alama ya EN 166, kisha tafuta herufi iliyochapwa pembeni ya kioo na kwenye fremu. Herufi F maana yake kioo kilipigwa kwa kipira cha chuma cha gramu 0.86 kwa mwendo wa mita 45 kwa sekunde. Ukipiga hesabu hiyo ni jouli 0.87. Bunduki ya kawaida ya kiwanjani inapiga jouli 1.14. Yaani ile miwani ya fundi seremala yenye F, inayoonekana imara kabisa, ilipimwa kwa nguvu ndogo kuliko gololi itakayokujia usoni. Unayoihitaji ni B: kipira kilekile kwa mita 120 kwa sekunde, karibu jouli 6.2. Fremu na kioo vikiwa na herufi tofauti, hesabu ile ya chini. Miwani ya jua, hata ya gharama, haihesabiki kabisa.

Ukungu ndio adui wa kila Jumapili. Wewe unatoka jasho, hewa ni nyuzi 6, kioo kinageuka maziwa. Kioo cha tabaka mbili husaidia kuliko dawa yoyote ya kupulizia. Wavu wa chuma hauingii ukungu, na wengi wanaupenda kwa hilo, lakini gololi ya bei poa ikipasukia kwenye wavu vipande vidogo hupenya. Kwa mdomo wavu ni sawa kabisa. Kwa macho, kioo. Anayevaa miwani ya daktari achague gogo, yaani miwani ya kinga inayoziba macho pande zote, iwe pana ya kukaa juu ya ile ya daktari, aijaribu dukani akiwa amevaa zote mbili.

Na hata kioo kikiziba kabisa, hakivuliwi uwanjani. Unainama, unafunika uso kwa mikono, unamwita refa, anakutoa. Kuinua gogo kidogo ili ufute, hapohapo watu wamepoteza jicho.

Kisha meno. Kinga ya nusu ya chini ya uso ni pauni 10 hadi 20, na ukijua ilivyo kazi kupata daktari wa meno wa NHS, huduma ya afya ya serikali, hutaiona ghali. Baada ya hapo viatu: buti zinazoshika kifundo cha mguu, soli yenye meno, maana msitu wa Uingereza kuanzia Oktoba hadi Aprili ni utelezi mtupu na mizizi iliyojificha chini ya majani. Raba utaziacha kwenye tope. Nguo, vaa za zamani zenye mikono mirefu, tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko jaketi moja zito. Glavu za kazi za pauni 5 zinatosha, gololi ya kwenye kucha inauma kuliko ya mgongoni. Mabaka si lazima, suruali ya kijani na fulana ya kahawia zinakuficha vizuri tu.

Siku yenyewe

Kwa mara ya kwanza chagua kiwanja cha msituni, si cha ndani ya majengo. Ndani watu wanapigana kwa mita tano, kila kitu kinauma na hujapata hata muda wa kujifunza. Weka nafasi mapema kwa sababu bunduki za kukodi huisha, na uliza bei inajumuisha nini. Kwa kawaida kukodi kila kitu ni kati ya pauni 40 na 60, mwenye vifaa vyake hulipa karibu 25 hadi 40. Uliza gololi ngapi zimo kwenye bei: kuna viwanja vinakupa chache halafu vinakuuzia nyingine kwa bei ya ndani. Uliza pia kama wanaruhusu chakula cha mchana kutoka nje, la sivyo utakula baga ya nguruwe au utashinda na chipsi.

Fika saa moja kabla. Wenye bunduki zao hupima kwenye krono, kifaa cha kupimia mwendo wa gololi. Mpaka wa viwanja vingi ni futi 350 kwa sekunde kwa gololi ya gramu 0.20, ndiyo ile jouli 1.14. Bunduki ya kuvuta mkono kila risasi huruhusiwa mpaka futi 500, lakini mwenye nayo haruhusiwi kumpiga mtu aliye ndani ya mita 30 hivi. Usidanganywe na namba ya futi pekee. Bunduki ileile ya 350 kwa gololi ya 0.20 itasoma 313 ukiweka ya 0.25, na 296 ukiweka ya 0.28, nguvu ikiwa ni ileile. Ndiyo maana viwanja makini huuliza uzito wa gololi kwanza, na vingine vimehamia kwenye jouli moja kwa moja.

Maelekezo ya usalama yasikilize hata kama lafudhi ya refa inakupiga chenga. Hujaelewa, uliza palepale mbele ya watu, wote wamewahi kuwa wageni. Mambo ya kushika: kwenye eneo salama hakuna magazini ndani ya bunduki na hakuna kufyatua, hata kavu. Ukipigwa unapaza sauti “hiti!”, unainua mkono, unaweka kitambaa chekundu kichwani, unatoka. Aliyekufa hasemi: usiwaonyeshe wenzako adui alipojificha. Gololi iliyogonga bunduki yako, viwanja hutofautiana, uliza. Usipige bila kuona, yaani kutoa mtutu nje ya ukuta huku kichwa kimebaki ndani. Ukimkuta mtu mgongoni kwa mita mbili, mwambie ajisalimishe badala ya kummiminia.

Na ukimpiga mtu asitoke? Usimfokee. Gololi nyingi unazoona “zimempata” zimegonga tawi nusu mita mbele yake. Mpige tena. Ikirudia mwambie refa, basi.

Sasa bunduki

Siku 56 zimepita, namba unayo. Kwa anayeanza, nunua ya umeme yenye umbo la M4, ile ya jeshi la Marekani. Si kwa sababu ni nzuri kuliko AK, ni kwa sababu nusu ya watu kiwanjani wanayo: magazini utaazimwa, vipuri vipo kila duka, na fundi yeyote ameshaifungua giaboksi (sanduku la gia ndani ya bunduki) ya aina hiyo mara hamsini. G&G ya Taiwan na Specna Arms ya Poland zina za kuanzia, kati ya pauni 130 na 220. Bastola ya gesi iache kwanza. Gesi hupoteza presha kwenye baridi, na chini ya nyuzi 10 utapata milio mitatu ya nguvu na mingine ya kukohoa.

Ya mkononi kwa mtu nayo ni sawa, ila usinunue mbuzi kwenye gunia. Ifyatue mbele yake mara ishirini moja moja na mara mbili za mfululizo. Sauti iwe ileile kila mara. Ikilia kama kahawa inayosagwa, gia zimekaa vibaya au zinakwisha. Uliza kama imefunguliwa na nani. Muuzaji asiyekuuliza namba ya UKARA anajitafutia kesi mwenyewe, na anayejitafutia kesi usimtegemee akwambie ukweli kuhusu giaboksi.

Magazini: ile ya kuzungusha gurudumu hubeba gololi 300 hivi au zaidi, inapiga kelele kama kayamba ukikimbia, na usipoizungusha tena inaacha kulisha huku nusu ya gololi zimo. Za kati hubeba 100 hadi 150, hazina kelele. Nne za aina hiyo zinatosha mzunguko mzima wa mchezo. Usizijaze hadi mwisho kabisa, acha nafasi ya gololi mbili tatu, la sivyo ya kwanza inakwama kwenye mdomo.

Gololi ndipo watu wanabana pesa wasipopaswa kubana. Anza na 0.25, ukizoea nenda 0.28 kwa msituni. Mfuko wa kilo moja wa 0.25 una gololi 4,000, unakutosha siku mbili au tatu. Misituni wanataka zinazooza, na hizo hunywa unyevu: mfuko uliofunguliwa ukae ndani ya chombo kisichopitisha hewa, maana ikivimba kidogo tu inakwama kwenye mtutu. Iliyoanguka chini usiiokote. Chembe moja ya mchanga inakwaruza mtutu wote.

Hopapu, polepole

Kifaa hiki ndicho kinachofanya gololi ya robo gramu ifike mita 50, na ndicho wageni wasichokigusa. Ni kipande cha mpira kinachokaa juu ya njia ya gololi mwanzoni mwa mtutu. Gololi ikipita inakwaruzwa kwa juu, inaanza kuzunguka kinyumenyume, na mzunguko huo unaibeba hewani. Hakiongezi nguvu.

Kwanza safisha. Bunduki mpya hutoka kiwandani na mafuta ndani ya mtutu, na mpira wenye mafuta haushiki kitu. Fungua hopapu yote iwe sifuri. Viringisha kitambaa chembamba kwenye kijiti cha kusafishia, kifunike ncha, kiingie kwa mbele taratibu, zungusha, toa. Rudia hadi kitoke cheupe. Usipulizie mafuta ya silikoni humo.

Sasa simama mahali pa kujaribia, weka gololi utakayochezea, si nyingine, kwa sababu marekebisho ya 0.25 hayafai kwa 0.28. Piga moja moja kwa lengo la mita 40. Hopapu ikiwa sifuri gololi itaanguka mita ishirini hivi mbele. Geuza kidogo, robo ya mzunguko, piga tano, angalia. Usiangalie lengo, angalia njia. Unayoitaka inakwenda imenyooka, mwishoni inainuka kama inayotaka kupaa, kisha inakata tamaa na kushuka. Ikipaa mapema umepitiliza, rudisha. Ikikunja kushoto kila mara, mpira umekaa upande au una uchafu, na hakuna kugeuza kutakakoponya hilo. Ikitawanyika hovyo, moja huku moja kule, rudi kwenye kitambaa. Wengi hukimbilia kununua mtutu mwembamba wa milimita 6.03 ilhali tatizo lilikuwa mpira wenye mafuta. Ukibadilisha kitu, anza na mpira, ni pauni 10.

Jaribu tena baada ya chakula. Mpira ukipata baridi hukakamaa, na uliyoiweka saa tatu asubuhi si ile ya saa nane.

Betri

LiPo (aina ya betri ya lithiamu) ya volti 7.4, uwezo wa 1300 mAh, inatosha nusu siku, nunua mbili. Kabla ya kulipa fungua kitako uone nafasi na kiunganishi: Deans na Tamiya haziingiliani. Ile ya volti 11.1 inavutia kwa kasi yake ya triga, lakini kwenye giaboksi isiyoandaliwa inakula meno ya pistoni.

Chaja iwe ya kusawazisha seli. Kwa 1300 mAh weka ampea 1.3, si zaidi. Imejaa ni volti 4.2 kwa kila seli, na ikishuka chini ya 3.0 imeharibika. Dalili ya kuishiwa uwanjani ni bunduki kuzubaa: unabonyeza, inavuta nusu, inasimama. Wengi hudhani gia zimekatika. Pistoni imekwama nyuma katikati ya mzunguko kwa kukosa umeme wa kuimalizia. Acha kubonyeza, kwa sababu unachoma swichi. Weka betri iliyojaa, sogeza kwenye kumimina, bonyeza kwa kifupi mara moja. Kwa kawaida inajiachia.

Wageni wengi nchini hukaa kwenye nyumba za kushirikiana, kwa hiyo usichaji kitandani, usichaji umelala, na betri iwe ndani ya mfuko wake usioshika moto, juu ya sakafu ya vigae. Iliyovimba haichajiwi tena hata mara moja, ipeleke kituo cha kupokea betri chakavu, usiitupe kwenye pipa la jikoni.

Jioni ukirudi, kabla ya kuoga: toa magazini, fyatua mara mbili moja moja kuelekea chini ili springi ilale, chomoa betri, pitisha kitambaa kwenye mtutu, rudisha hopapu sifuri mpira upumzike. Kwenye magazini toa gololi zote zilizobaki. Kama hutacheza wiki hiyo, iweke betri kwenye volti 3.8 kwa seli. Chaja nyingi zina kitufe cha kuhifadhi kinachofanya hivyo peke yake. Gogo usiifute ikiwa na tope kavu. Ipitishe chini ya bomba kwanza, ndipo kitambaa kifuate.